Herufi Kubwa Haisikiki

Mafuru aliniletea kanda Jumanne,
kaifunga kwenye gazeti kama minofu ya magendo.
"Fundi, wewe Kiingereza unakijua. Nitafsirie.
Mzee wa kanisa anasema humu ndani mna shetani."
Nikamjibu humu ndani mna utepe na vigurudumu viwili,
lakini iache, nitaisikiliza.
"Na roki maana yake nini?"
Mwamba, nikasema.
Akacheka. Mwanza nzima, akasema, na bado wanatuletea mwingine.

Usiku, Mabatini, umeme ukiwa na huruma,
nikakaa na kalamu.
Gitaa linakwaruza kama kitanda cha chuma kinachoburutwa sakafuni,
na katikati yake mwanamume mmoja
analia kama aliyebanwa kidole na mlango.
Narudisha utepe kwa penseli. Mara tatu. Mara saba.
Maneno yalikataa kukaa wima kwa Kiswahili
mpaka nilipoyapa mizani, kama alivyonifundisha babu:

    Mgeni kabisha hodi, hakuja ana mapembe,
    Sauti haina radi, ni ya mama na kikombe,
    Kasema, njaa 'mezidi, kula, usiache chembe,
    Nami namwita: Urudi! Sijui nani niombe.

Hapo mwisho ndipo niliposhindwa.
Anamwita nani arudi?
Kwenye vitabu Mungu hupewa herufi kubwa, unamjua kwa macho.
Lakini herufi kubwa haisikiki.
Mdomoni, "wewe" wa Mungu na "wewe" wa yule mwingine
vina uzito mmoja.

Sasa niseme la redio.
Ilikuwa mezani palepale, ya Nyanjige, mjane wa Igogo muuza dagaa.
"Ikishindikana," alisema, "baki nayo, utoe vipuri."
Nilipofungua mgongo, nyuma ya spika,
ndani ya mfuko wa mkate, noti:
laki mbili na arobaini.
Marehemu alikuwa mtu wa kuficha.
Nyanjige hakujua. Ningeapa hakujua.

Na ile sauti, kweli, haikuwa na radi.
Ilinitajia ada ya Minza, muhula wa pili.
Ilinikumbusha kwa upole: alisema vipuri.

Jumapili mzee wa kanisa alihubiri
yule mwenye akili aliyejenga juu ya mwamba.
Sisi wa mlimani tukatazamana.
Juu ya mwamba choo hakichimbiki.
Maji hupanda kichwani, lita ishirini, kwa vidole vya miguu.
Machi ile, usiku, jiwe kubwa kama kabati la kwaya
lilisogea shubiri moja
likatulia mlangoni kwa Lugembe,
na mtaa mzima ukakesha nje na mablanketi,
tukiimba, tukinyamaza, tukiimba tena.
Asubuhi kila mtu akarudi ndani kuwasha jiko.
Hayo hayamo kwenye mahubiri.
Nadhani yule wa kwenye kanda anayajua.

Mafuru alirudi Alhamisi.
"Kwa hiyo yumo shetani?"
Yumo, nikasema. Ila siye anayeimba.
Akaniangalia kama niliyemrudishia redio ikiwa bado mbovu.

Nyanjige nilimhesabia noti mbele yake, moja moja.
Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Hakulia, hakunishukuru,
alisema tu, "Mwaka mzima nimekopa chumvi,"
na sikujua anasema na mimi au na marehemu.
Kisha akauliza deni.

Elfu nane, nikasema.
Akalipa.
Kazi ile ni waya mmoja na risasi kidogo;
kila mtu namtoza sita.

Kanda bado sijamrudishia Mafuru.