Wanaokula Jana

Gereji ya baba, Pasua, mwaka wa tatu imefungwa.
Geti la bati bado lina maandishi ya brashi:
HAPA TUNASHUSHA INJINI.
Halikusema tulikuwa tunashusha na nini kingine.

Miaka ishirini na saba dizeli ilishuka humo,
oili chafu ya malori ya mahindi, ya Land Rover za misheni,
mafuta ya taa yaliyooshea beringi.
Baba alimwaga yote kwenye kona ya mparachichi
akisema ardhi ni pana, itakunywa.
Ikanywa.
Mparachichi ukakauka kuanzia kileleni.
Tulipoukata, hata kuni haukufaa:
ulitoa moshi mweusi, ugali ukanuka gereji,
na mama akamwaga sufuria nzima bila kusema neno.

Mimi nilitaka greda. Lichote, likamwage huko.
Eliaichi, fundi wa maabara ya udongo, akaniuliza:
"Huko ni wapi? Na huko anaishi nani?"
Akapiga magoti, akafikicha, akanusa.
"Wamo," akasema. "Wadogo, hutawaona.
Chakula wanacho cha kusaza.
Wamekosa hewa, wamekosa samadi,
wamekosa mtu wa kukaa nao."

Basi tukalima. Jembe likatoka linang'aa, linateleza mkononi.
Tukachanganya samadi ya ng'ombe wa Shimbwe,
maganda ya kahawa, magunia kumi na moja,
na maji ya mfereji, kwa zamu, Jumanne na Ijumaa.
Tukapanda mabingobingo na vetiva.
Majirani wakauliza kama nimeanza kufuga.
Nikasema ndiyo.

Usiku nawawaza.
Mzizi unapenya gizani na sukari yake kidogo,
unawaita kama muuza mbege mwenye kata mkononi:
onjeni kwanza, bei tutaongea.
Wakishapata nguvu wanaigeukia dizeli,
wanaikata pingili kwa pingili kama muwa
hadi inabaki pumzi,
na maji.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Hawa wanakula jana.
Jana ya baba, lita kwa lita.
Na jana hiyo ndiyo ada yangu ya bweni,
ndiyo bati zilizo juu ya kichwa changu,
ndiyo viatu vya Krismasi, vyeusi, vya kamba.
Mimi nilikula upande wa juu wa sahani.

Kipimo cha Eliaichi ni maharage,
punje kumi kwenye kopo la rangi.
Machi: mawili yaliota, yakanyauka.
Juni: manne, majani yamejikunja kama ngumi.
Oktoba: saba, na moja likatoa ua.
Niliona aibu kulisifia.

Baba alikuwa haji.
Alisema namfukulia kaburi angali hai.
Kisha asubuhi moja nikamkuta kwenye ile kona,
kavaa ovaroli yake ya zamani, vifungo haviungani,
mkononi ana kipande cha sale.
Kwetu, ukikosa hadi ulimi ukose pa kuanzia,
unatanguliza sale.
Sikumuuliza anamtangulizia nani.
Alichimba kwa bisibisi, akapanda, akashindilia kwa kisigino,
akanusa vidole.
"Bado," akasema.

Kweli bado.
Mvua ikinyesha, dimbwi la pale linatanda rangi,
utando mwembamba, mwembamba kuliko wa mwaka jana,
lakini upo.
Yale maharage hatuli, Eliaichi amekataza.
Mabingobingo nayo hatumpi ng'ombe yeyote,
na majirani wamegundua kwamba sifugi.

Ila jana, nikigeuza udongo, nilimwona nyungunyungu.
Mmoja. Mwekundu, ana haraka.
Nikamfunika upesi
asije akabadili mawazo.

Kesho Ijumaa, zamu yetu ya maji.