Kuku Aliyelala Chini ya Gari

Walikuja saa kumi na moja alfajiri, watu watatu na karatasi moja,
Katuba yote bado ina usingizi mdomoni.
Sikupiga kelele. Niliwashikia lango.
Mmoja alikanyaga ndoo ya mke wangu, akaomba radhi,
akaisimamisha, akaifuta kwa kiganja,
kisha akaingia nyuma ya usukani
akavuta kiti mbele, maana ni mfupi kuliko mimi,
akaondoka nalo.

Kile kiti kuvutwa mbele. Hapo ndipo paliponiuma.

Kuku wetu, aliyezoea kulala chini ya injini yenye joto,
alibaki katikati ya ule mstatili mkavu
akitazama juu, shingo upande,
kama mtu aliyeezuliwa paa bila upepo.

"Limeenda garaji?" Kyembe akauliza ukutani.
Nikasema ndiyo, giaboksi.
Kwa mama muuza maandazi nikasema breki.
Kwa mjomba, kwenye simu, nikasema radieta.
Kufika saa sita mchana gari langu lilikuwa mahututi,
nami ndiye daktari, na mwongo, na mfiwa.

Mujinga akaweka daftari mezani.
"Nenda ukaulize limebaki deni gani.
Deni usilolijua hulala nawe kitanda kimoja.
Usitie saini usichokisoma.
Na uniletee kiatu cha mtoto."

Nilikwenda kwa miguu.
Teksi zilinipigia honi, wenzangu wa jana;
Musumba akapunguza mwendo, "Panda, bwana!"
nikajifanya nahesabu mijakaranda.
Miaka minne nimepita njia hii
sikujua ina mwinuko. Gari halikuniambia.
Kwa mbali mlima mweusi wa masalia ya shaba
nao umekaa tu, umeshatolewa chote chenye bei.

Uani kwao, barabara ya Likasi, magari yamepangwa
kama wanafunzi waliofukuzwa kwa karo.
Langu limeandikwa 41 kwa chaki.
Mlinzi akanitolea vitu, akiviita kimoja kimoja:
jeki. Thermosi. Koti la mvua.
Franka mia mbili zilizodumbukia kitini.
Tasbihi ya abiria ambaye sitamjua kamwe.
Kiatu kimoja, cha kushoto.
"Redio?" nikauliza.
"Kilichofungwa kwa skrubu ni cha gari."
Nikaitazama mikono yangu.
Miaka minne, saa kumi na nne kwa siku,
na hakuna aliyekumbuka kunikaza.

Karani alikuwa kijana mpole.
Limebaki dola elfu mbili na mia moja, akasema.
Litauzwa. Bei ikipungua, upungufu ni wako.
Bei ikizidi, ziada ni yako pia,
na kwenye neno ziada akatabasamu kidogo,
kama anayetaja ndugu aliyehamia mbali.
Nikasema niandikie. Akaandika.
Nikasoma mara mbili, nikiweka kidole chini ya kila tarakimu.
Ajabu: lilikuwa dogo kuliko lile la usiku.

Mvua ilinikuta Kamalondo. Koti lilikuwepo, nikalivaa.

Nyumbani ule mstatili umelowa kama ua wote,
ila doa la oili, linalong'aa rangi za njiwa.
Juu ya mbao, magunia manane ya makala.
Ya Kyembe. Ameomba nafasi, analipa kila Jumamosi.
Hakuuliza habari za giaboksi.
Mujinga ameshaandika kwenye daftari, upande wa kuingia,
upande ambao wino ulikuwa haujaufikia tangu Pasaka.

Mtoto akajaribu kiatu. Hakimwingii.
Amekua, na sisi tulikuwa tunamwangalia kwenye kioo cha nyuma.

Usiku nikasikia kuku akijisogeza chini ya mbao,
akinung'unika, akipasha mwenyewe pale pake.

Ufunguo wa pili uko msumarini.
Hawakuuulizia.
Nimeushika mara mbili leo, mara zote mbili
nikatoka nao hadi langoni.