Meno ya Pasi

Pasi uliyoniletea, Jerono, ina adabu zake.
Ukiisahau imesimama, dakika nane inajizima;
ukiilaza bila kuishika, nusu dakika tu, imekata,
kimya, kama mgeni aliyetambua chai haiji.
Waya unazunguka shingoni bila kujisokota.
Ina gurudumu la nukta: moja ya nailoni,
mbili za sufi, tatu za pamba na kitani.
Mbele ina pua ya kunyunyiza,
na chini, kitakoni, matundu ishirini na saba.
Nimeyahesabu. Sina kazi nyingine
tangu dobi la hospitali linistaafishe.

Mimi nilizoea ile ya makaa, yenye jogoo kichwani,
niliyoipepea mlangoni kule Bondeni
nikilaumiwa kwa majivu kwenye kola za watu.
Ile haikuomba maji. Maji nilikuwa nayo mimi, mdomoni:
napiga funda, napuliza fyuu, shuka inalainika.

Hii inakunywa.
Na karatasi yake imeandika kwa herufi nene
isipewe maji ya chumvichumvi.
Nikacheka. Hapa Kaptembwo?
Nikaijaza ya bomba, kama sisi sote.

Miezi mitano ikapumua vizuri.
Kaunda suti ya Wekulo ikanyooka,
marinda ya wajukuu wa Mama Nyakio yakasimama,
hata fulana zangu, ambazo hazikuwa zimeomba.

Jana usiku, blauzi yako nyeupe.
Mahojiano ya uuguzi, saa mbili kamili asubuhi.
Tokeni zimebaki uniti tatu na kitu.
Nikaanza na kola kwa ndani,
nikaja begani, nikaja mkono,
nikabonyeza mvuke
ikakohoa.
Ikatema tone la kahawia juu ya mfuko,
upande wa moyo.

Nikaigeuza, nikaitazama kinywani.
Matundu yote ukoko, rangi ya chai ya mkandaa.
Rangi ile naijua.
Naijua kwa picha zako zote ulizofumba midomo,
kwa kiganja kinachopanda haraka ukichekeshwa,
kwa siku ile, darasa la tano, uliponiuliza
ukisugua na majivu yatatoka?
nami nikasema, sugua.

Tulikupa maji yale yale.
Kikombe cha bati, cheupe, chenye ua ubavuni.
Kunywa, mtoto, tukasema.
Mama yako, Mungu amrehemu, aliyachemsha kwanza,
akayaacha yapoe, akayafunika kwa sahani.
Nani angemwambia kwamba moto
hauyatoi yaliyomo?

Nikatoka na tochi.
Chini ya mfereji wa mabati pipa la bluu lilikuwa nusu,
mvua ya Ijumaa.
Nikachuja kwa leso, nikajaza tangi,
nikazungusha gurudumu hadi mwisho,
nikaishika juu ya beseni, kitufe cha kujisafisha
kikiwa kimebanwa, nikaitikisa kama karatasi inavyoagiza.
Ikalia. Ikafoka. Ikatema miezi mitano.
Mpaka mvuke ukatoka mtupu, usio na rangi.

Ndipo mikono ikaniisha nguvu, na pasi yenyewe si nzito.
Chombo cha shilingi elfu tatu
nimekiamkia usiku kukitekea maji ya mvua.
Pipa lile lipo hapo tangu hujazaliwa, Jerono.
Tulikuwa tunafulia.

Doa nimelisugua kwa ndimu na chumvi.
Limebaki kivuli;
asiyekutafutia kosa hatakiona.

Asubuhi uliivaa ikiwa bado ya moto.
Ukaliona kabla sijasema neno.
Nikakueleza: maji, matundu, pipa. Mengine sikuyaweza.
Ukaitazama pasi pale mezani, ikipoa,
ukasema, "Kumbe mimi na huyu, Baba,
tumenyonya ziwa moja,"
ukacheka kinywa wazi,
na kiganja hakikupanda.

Labda ni kwa sababu mkono mmoja ulishika faili
na mwingine ulikuwa unafunga kifungo.
Sikuuliza.
Nimechomoa waya, nimemwaga maji yaliyobaki,
nimeisimamisha ikauke.