Wingu la Elfu Kumi na Tano

Fleshi niliipata kwa mtu, sokoni Newala,
kwa malipo ya pili ya korosho,
mlango wa betri umefungwa plasta ya kidonda.
Nikaipachika juu ya kamera, nikajiona fundi.

Harusi ya kwanza ilikuwa kwa akina Mchopa.
Bwana harusi kipaji kinang'aa
kama sufuria iliyosuguliwa majivu,
bibi harusi macho mekundu kama ya komba,
na nyuma yao, ukutani, vivuli viwili vyeusi
vimesimama kama wageni wasioalikwa.
Walinilipa nusu. Hata nusu ile niliionea haya.

"Igeuze itazame juu," akasema Likwata wa stesheneri,
"mwanga ugonge dari, urudi umechoka."
Nikaigeuza. Dari ya studio, mwenye nyumba
aliipaka kijani kilichobaki alipomaliza madrasa.
Siku nzima nikapiga pasipoti za watu wa kijani.

Mtwara mjini nilikuta softiboksi:
laki moja na themanini, stendi mbali.
Nikaikunjua, nikaikunja, nikairudisha.
Muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu.
Nikaondoka na kikofia cha plastiki, elfu nane,
kidogo kama kifuniko cha chupa ya chai.
Mwanga ukapungua,
ukali ukabaki palepale.

Ndipo nilipoelewa, elfu nane ikiniuma:
weupe si ulaini.
Ulaini ni upana.
Jua la saa sita, kwa kuwa liko mbali, ni dogo kama sarafu,
linakata kivuli kwa wembe;
wingu likitanda, anga zima linakuwa taa
na uso wa mtu unapumzika.
Basi nitafute wingu. Wingu la kununulika.

Mwavuli mweupe, elfu kumi na tano.
Niliusogeza karibu na mteja, karibu,
mpaka akauliza kama mvua inakuja.
Upande wa pili nikasimamisha kifuniko
cha boksi la povu gumu, la samaki wa Mikindani;
nimekiosha mara tatu, bado kinanukia nguru,
lakini kinalirudishia shavu la gizani mwanga wake
bila kudai hata senti.
Stendi ni mpini wa fagio ndani ya ndoo ya mchanga.
Upepo wa huku juu hauna utani:
ubavu mmoja ukavunjika, nikaufunga waya,
na ndoo ikapisha nusu gunia la korosho za shangazi.

Nyuso zikatoka laini kama uji uliopoa.
Watu wakapanga foleni. Nikavimba kichwa.

Akaja Bi Nangumbi, mjukuu kamshika mkono.
Alitaka picha kubwa, ya kutundika,
"kabla sijabaki jina tu."
Uso wake umeandikwa nembo,
pembe ndani ya pembe, shavuni hadi kipajini.
Nikamwagia wingu langu lote.

Akaitazama skrini.
"Huyu nani?"
"Ni wewe, bibi."
"Mimi nilikatwa. Shangazi wawili walinikalia miguu.
Wewe umenifuta kwa shilingi ngapi?"

Nikaondoa povu.
Nikarudisha mwavuli nyuma hatua nne. Bado.
Nikaukunja kabisa.
Nikachukua boksi la viatu, nikalitoboa,
mdomoni nikabandika karatasi ya kuokea keki,
nikaliweka ubavuni pake, usawa wa sikio.
Mwanga ukapita usoni kwa kuinama,
ukijikwaa kila mstari,
na kila mstari ukaangusha kivuli chake chembamba.

Alizifuata kwenye skrini kwa ukucha,
moja, moja.
"Haya. Bei gani?"
Nikamtajia.
Akaomba nimpunguzie.