Zamu ya Usiku, Quellón

Mama, nakuandikia kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia umegoma, vidole viwili havikunjiki,
vimesahau kila kitu isipokuwa kisu.
Tumbo, mfupa, tumbo, mfupa,
samoni wanapita mbele yangu wakiwa wamefungua midomo
kama watu waliokatizwa kauli.

Usidhani nalalamika.
Mshahara umeezeka bati jipya juu ya kitanda chako,
umemtia Rosamel meno ya mbele,
nami nikashika, kwa mara ya kwanza,
fedha isiyopitia mfukoni mwa mwanamume.
Hilo silikani, hata mbele ya baba.

Ila baba unamjua.
Maji yakipwa huenda kuchokonoa kome
palepale alipochokonoa babake,
akarudi na nusu kikapu na harufu ya dawa.
"Bahari imepangishwa," husema, akivua viatu.
Vizimba vimejipanga ghubani
kama vifungo vya koti la mtu mwingine.

Mwezi wa tatu akina Millalonco walihamisha nyumba,
nzima, na madirisha yake, juu ya magogo,
kama mlivyokuwa mkifanya.
Maksai walikuwepo. Kamba zilikuwepo.
Watu walifika tisa.
Wengine walikuwa kazini. Nami nilikuwa kazini.
Nyumba ikakwama katikati ya shamba la viazi,
na Ercira akapika humo wiki sita,
mlango ukitazama pasipo na njia.

Kisha, Jumatatu moja, samaki waliamka matumbo juu.
Meneja alikuja na buti safi, akataja virusi,
akasema tutapigiwa simu.
Kesho yake tulikwenda kituoni hata hivyo,
watu mia mbili na vyakula vyetu kwenye mikebe,
tukaingoja basi ambayo kila mmoja alijua haiji.
Dukani kwa Eleuterio daftari la madeni limeongezwa daftari.

Lakini jana, mama, kwa Millalonco
tulifika sitini.
Hakuna aliyekuwa na pa kwenda.
Tulivuta mpaka kamba zikalia,
mimi na mkono wangu mmoja, baba mbele akitukana maksai,
na nyumba ikaguna, ikasogea,
vikombe vya Ercira vikigongana ndani.

Bado hatua mia hivi kufika kilimani.
Tumeiacha pale kwa usiku, mawe chini ya magogo.
Simu nimeiweka dirishani, penye mtandao.
Ikilia, nitakwenda.
Naomba tu isilie kabla ya kesho jioni.