Hesabu Hadi Ishirini

Leida hakunipunguzia hata senti.
"Bei ni ileile aliyoiandika Heldur," alisema,
akanipa ufunguo, na daftari la mafuta:
miaka kumi na tisa ya lita na kilomita,
mwandiko mdogo, wa mtu anayebania karatasi.

Nilikagua kutu chini ya milango.
Nilinusa moshi. Nilichomoa dipstiki:
oili nyeusi tii, ya dizeli iliyofanya kazi.
"Usiliwashe kwa pupa," akaniasa.
"Ngoja taa ya manjano. Hesabu hadi ishirini.
Yeye alihesabu kwa sauti, hata mbele ya wageni."

Sasa ni Januari hapa Võru,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
theluji imemeza uzio, nami nina zamu ya alfajiri.
Kiti kimebonyea umbo lisilo langu:
ubavu wa kushoto umezama, sijui kwa nini.
Moja. Mbili. Pumzi inaganda kiooni.
Kumi na tisa —
linakohoa, linatetema, linagoma,
kisha gogogogo, mtaa mzima macho.

Jirani ana gari la umeme, kimya kama paka.
Ananihurumia. Namwacha anihurumie.

Nikipita kwa Leida sipigi honi,
ila injini hii haijui kunong'ona.
Jana, kwenye kioo cha nyuma, nilimwona:
katoka na ndala thelujini,
kafungua geti, pande zote mbili,
kasimama.

Nilipunguza mwendo.
Usiku sikuwa na la kuandika daftarini
ila lita, na kilomita.