Sabuni ya Elfu Tatu

Nyuma ya soko, Malindi, saa saba ya jua,
kijana aliniita shangazi.
Simu mkononi mwake iling'aa, ikaita,
niliisikia kwa sikio langu hili.
Mamake kalazwa, alisema.
Elfu sita ikashuka hadi tatu
kabla sijatia neno.
Akaifunga gazeti, akaizungusha seloteepu,
akaniombea dua.

Muyeye, mlango nimeubana kwa komeo,
nikafungua:
kipande cha sabuni ya mche,
kimechongwa kwa kisu, pembe zimesuguliwa
hadi zikalainika.
Kuna mtu aliketi
akaifanya kazi hiyo kwa subira.

Sikumwambia mtu.
Nilifulia.
Sare ya Nyevu haijawahi kutakata vile.

Ijumaa, pale stendi, mwanamke
aliniomba mia mbili afike Garashi.
Nikamtazama vidole, nikacheka:
"Mie nishafuliwa, dada, nishaanikwa."

Magharibi ikanikuta nikirudi.
Yupo palepale,
mtoto kalala juu ya leso,
anahesabu sarafu, anarudia kuzihesabu.

Noti ilikuwa kifuani mwangu.
Nikavuka barabara, upande wa pili,
nikajifuta jasho usoni.
Viganja vyangu vilinuka sabuni.